Maji ya Kwanza Niliyoyamwaga

Kwa mjukuu wangu, somo yangu, Mwanamisi uliyechukua jina langu,

Salamu tumekwisha kupeana asubuhi, na shikamoo yako nimeiitikia, kwa hiyo sizirudii hapa nikamaliza karatasi. Hali yangu unaijua: goti la kushoto linauma, na wewe unaondoka kesho. Ninaandika baada ya adhuhuri. Maji yameanza kujaa, wenzangu wametoka kwenye mwani, na wewe umekwenda Ukunda kununua soksi nzito. Mwandiko ni huu huu wa ngumbaru. Usiucheke. Ulipokuwa darasa la tatu ulinisahihisha herufi mpaka nikakurushia mwiko, na leo pia sitaki kusahihishwa.

Sitakuambia uvae vizito, ule, uswali. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumapili na atayasema mpaka mlangoni mwa ndege. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu Jumatatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nitalisema, lakini kwa njia yangu. Usiruke kurasa, maana nakujua.

Unakumbuka siku uliyonifundisha ile naitrojeni yako? Tulikuwa tumeinama kwenye kamba, maji yako magotini, ninachambua lile jani la kijani linalojisokota kwenye mwani wetu. Jani laini, linateleza, tunaling'oa na kulitupa kila bamvua kwa sababu linaubana mwani usikue. Ukasema, usilitupe, Bibi, ninalitaka. Nikakuuliza kama njaa imekuzidi. Ukasema utalipika litoe mafuta ya kuendesha injini.

"Jani hili? Hata mbuzi hali."

"Mbuzi hana sufuria ya presha, Bibi."

Mama Chizi alikuwa kamba ya pili, akacheka mpaka akakaa ndani ya maji na nguo zake.

Halafu ukanieleza, na mimi nikajifanya sisikilizi, lakini nilisikiliza. Ulisema jani hilo lina naitrojeni, ile ile iliyo kwenye maharagwe na kwenye samaki, ile ile ya mbolea ya dukani, na kwamba ule ukali unaokupiga puani kwenye choo kisichomwagiwa maji ndiyo hiyo hiyo imegeuka. Ukasema jani likipikwa ndani ya maji, chombo kimefungwa hata mvuke hauna pa kutokea, linavunjika mafungu manne: mafuta meusi mazito, maji ya rangi ya chai, ungaunga kama wa makaa, na hewa kidogo. Na naitrojeni haifi humo. Inagawanyika tu, kila moja na pa kwenda.

"Kama wageni wa harusi," nikakuambia.

"Hasa, Bibi. Moto ukiwa wa wastani, wengi wanatoka uani, yaani kwenye maji. Moto ukiwa mkali sana, wanashikana na sukari ya jani na kuingia chumbani kwa bi harusi. Kuwatoa huko ni kazi."

"Chumbani ndiko kwenye mafuta?"

"Ndiko. Na mafuta yenye naitrojeni nyingi ni mabaya. Ukiyachoma, moshi wake ni sumu."

Mimi nikasema, bila hata kuinua kichwa, sasa kwa nini usilichemshe kwanza kwa moto mdogo, ukamwaga yale maji, ndipo ukapika mapishi yako ya mafuta? Hujaniona ninavyofanya mchunga? Jani lenyewe chungu kama dawa, unalichemsha, maji ya kwanza unayamwaga, uchungu wote unakwenda nayo, kisha unatia nazi.

Ulisimama wima. Kamba ikakuponyoka, mwani ukaelea, na mimi nikakufokea. Hukusikia. Ulisema, "Bibi, rudia hapo."

Nilirudia. Na katika daftari lako la chuo uliandika kwamba wazo la kupika mara mbili lilitoka jikoni kwa bibi yako. Ulinionyesha mstari wenyewe. Mimi niliyeacha shule darasa la pili nikaandikwa kwenye daftari la chuo. Nilitangaza kisimani, nilitangaza kwenye matanga, nilimtangazia hata kijana wa bodaboda asiyenijua. Nilijivuna, Mwanamisi. Nakuandikia hili ulishike, kwa sababu kiburi hicho ndicho kilichoshika chupa.

Maana kulikuwa na jambo moja ulilosema siku ile ile, na mimi sikulitia kichwani. Nilipokuambia umwage maji ya kwanza, ulijibu, "Hayamwagwi, Bibi. Hayo ndiyo ninayoyapima. Nikijua yamebeba kiasi gani, nitajua kilichobaki. Na baadaye nikiyazimua kwa maji mengi, yanaweza kulisha majani mengine." Nilisikia kwa sikio moja. Kwangu mimi maji ya kwanza ni uchafu. Nimeyamwaga tangu nikiwa msichana, mama yangu aliyamwaga, na mkono wangu unayamwaga peke yake, hauniulizi.

Sasa nisikilize.

Ulipolisuuza lile jani kwa maji ya kisima na kulipika kwenye presha yangu, mara sita, ulipanga chupa sita kwenye ukuta wa jiko, upande wa kivulini. Jani lililobaki ulilianika ulipeleke chuoni, mkalipike kwenye kile chombo chao cha chuma. Wewe ukaenda Msambweni kutafuta gari la kukuchukua asubuhi. Jioni ile maulidi yalikuwa yanasomwa kwangu. Wanawake wote wa chama chetu cha mwani walikuwa wanakuja, pamoja na wale wa Funzi wenye pua ndefu. Na zile chupa zilinuka. Ulikuwa umezifunga, lakini zilinuka samaki na mkojo pamoja. Nikasema huyu mtoto amesahau kumwaga maji yake.

Nikavua miwani kwa sababu ya moshi. Nikachukua chupa ya kwanza, nikaimwaga nyuma ya jiko kwenye shina la mpapai. Ya pili. Ya tatu. Ya nne nilipoishika, kidole kikagusa utepe ulioubandika. Nikavaa miwani nikasoma. Wewe mwenyewe unajua uliandika nini, kwa herufi kubwa, kwa sababu ulijua unaishi na nani.

USIGUSE, BIBI.

Nilikaa chini pale pale. Na kama ningebaki nimekaa mpaka ukarudi, barua hii isingekuwepo. Ungelia, ungenuna siku tatu, ungepika upya, yangekwisha. Lakini mimi nilisimama. Nilichukua zile chupa tatu zilizobaki, nikazigawa kwenye sita, nusu nusu, kwa kikombe, kwa uangalifu kuliko ninavyopima mchele. Kisha nikajaza maji ya kisima mpaka kwenye alama zako. Nikaosha mikono, nikavaa buibui, nikapokea wageni. Nilisoma maulidi kwa sauti kuliko wote.

Asubuhi gari lilikuwa linapiga honi. Ulizinyanyua chupa ukaziangalia kwenye mwanga.

"Bibi, mbona yamepauka?"

"Jua," nikasema.

Neno moja. Ukaniamini ukaondoka.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, lakini mimi niliyaona kutoka upande huu. Ulirudi baada ya wiki mbili ukalala kifudifudi kwenye kitanda cha kamba za usutu. Ulisema hesabu ya naitrojeni imekataa. Iliyoingia ndani ya jani na iliyotoka hazilingani. Iliyokuwa kwenye mafuta uliiona, kwenye ungaunga uliiona, lakini ya kwenye maji ya kwanza ilikuwa nusu tu ya ilivyotakiwa, chupa zote sita, nusu. Mwalimu wako alikuambia mpira wa kifuniko cha presha ulivuja, naitrojeni ikaruka hewani, na kama si hivyo basi ulipima ovyo. Zamu yako kwenye kile chombo cha chuma ilikuwa imekwisha. Ukaandika kwenye daftari kwamba kosa ni la mkono wako. Nafasi ya kwenda ng'ambo ikapewa mwingine, na wewe ukakaa mapokezi kwenye hoteli kule Diani, mwaka mzima na nusu, ukiwachekea watu waliochomwa na jua.

Mimi nilikuletea uji kitandani. Nilikuambia usijali, mikono ya wasomi haijazoea kazi. Hayo nayo niliyasema. Nilitumia mikono yako kuificha yangu.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza pia, na jibu ninalo, ila halinipendezi. Ni kwamba nilikwisha kufanya hivi zamani na haikuniua.

Wewe hukumkuta Bi Saumu. Alikuwa rafiki yangu, tulifunga kamba zetu za kwanza pamoja, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ghala ya chama. Mwaka ambao mama yako aliolewa nilikuwa na haraka. Mwani unatakiwa ukauke mpaka uvunjike mkononi na chumvi itoke juu kama unga. Mimi niliushindilia ukiwa bado unalainika, nikaweka mkavu juu ya gunia na mbichi katikati. Ukapata moto ndani, ukaoza, ukaozesha na magunia ya wenzangu. Ghala nzima ilinuka. Watu wakasema Bi Saumu aliacha dirisha wazi mvua ikaingia. Aliapa kwamba alifunga. Alinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa naye siku ile na nilimwona akifunga. Nikaangalia miguu yangu.

Wakamnyang'anya ufunguo. Hakurudi baharini tena. Mwanawe akampeleka Taru, bara kukavu, akakaa huko na mbuzi, mtu aliyezaliwa na maji ya chumvi miguuni. Kila mwaka nikisema nitapanda gari niende nimwambie. Nilikwenda siku ya hitima yake. Nilikula pilau yake, nikasifu ilivyopikwa, nikarudi.

Kwa hiyo ulipokuwa umelala kifudifudi nilijiambia atasahau. Ni kijana, atapata jingine. Na kweli ulipata. Ulipata barua ya chuo cha huko kwenye baridi, nikapiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna mwali. Nikasema, unaona, Mungu amelifunika.

Halafu Jumatatu ukanisomea.

Ulikaa kwenye mkeka na zile karatasi ulizowaandikia mpaka wakakukubali, ukawa unanigeuzia kwa Kiswahili mstari kwa mstari, uso wako unang'aa. Ulisema hukuweza kuisahau ile nusu iliyopotea. Ulisema vitabu vinasema kwa moto mdogo namna ile naitrojeni hukaa kwenye maji kwa utulivu, hairuki kwa wingi hivyo, lakini yako iliruka, na tena nusu katika chupa zote sita, kwa hiyo lazima kuna jambo kwenye jani letu la huku ambalo bado halijulikani. Hilo ndilo unaloliendea. Miaka mitatu. Utaitafuta hewani ile iliyotoroka.

Ukaniuliza, "Bibi, mbona umenyamaza?"

Nikasema goti.

Haikuruka, mwanangu. Haikutoroka. Vitabu vyako ni vya kweli, kipimo chako ni cha kweli, mpira wa presha yangu ni mzima mpaka leo, na mkono wako haukukosea hata kidogo. Ni mimi niliyeimwaga. Kilichokukataa ni maji ya kisima.

Sikuielewa hasara yake yote mpaka Jumatatu. Nilidhani nimekuharibia mtihani, na mtihani umepita. Sikujua kwamba uongo wa neno moja unaweza kukaa ndani ya daftari ukaota, ukawa ndio safari yenyewe. Mimi niliyajua majani maisha yangu yote na hilo sikulijua.

Ushahidi unautaka, maana wewe huamini kitu bila kukipima. Kumbuka mpapai wa nyuma ya jiko. Nilipoyamwaga, baada ya siku chache majani ya chini yaligeuka manjano kama yaliyounguzwa, na mchicha wa pembeni ukafa kabisa. Yalikuwa makali mno bila kuzimuliwa, kama ulivyosema. Nikafurahi, nikasema afadhali mpapai nao ufe tumalize. Kisha mvua ikaja. Mchicha ulioota tena pale ulikuwa wa kijani kizito mpaka unakaribia weusi, na ule mpapai ukatoa mapapai ya kubebwa kwa mikono miwili. Uliyasifu. Ulikaa kizingitini ukala la kwanza kwa kijiko ukaniuliza nimetia mbolea gani. Ulikuwa unaikula naitrojeni yako mwenyewe, na mimi nimesimama mbele yako nimeshika kisu, nikakuambia ni samadi ya kuku.

Tangu Jumatatu nimefikiri njia tatu. Ya kwanza ni kunyamaza. Nilipendezwa nayo mpaka Jumatano. Ya pili ni kumpa mama yako barua hii akuwekee chini ya begi, uikute huko, ukasirike ukiwa mbali nisikuone. Hiyo ndiyo niliyokuwa ninaiandika juzi, nikaichana, kwa sababu niliona ni ile ile ya kwanza imevaa kanga nyingine. Ungekwisha kukaa mbele ya walimu wako wapya na kuwaahidi jambo ambalo halipo. Ya tatu ndiyo hii. Utaisoma leo, begi lako likiwa bado wazi.

Sijui watakufanya nini ukiwaambia. Pengine watakasirika. Pengine watasema barabara, sasa tuna kipimo ambacho kinalingana, kazi ianze mahali pa kweli. Hayo ni mambo ya kwenu. Mimi ninachojua ni kwamba kupika mara mbili kulifanya kazi. Maji ya kwanza yaliibeba naitrojeni, na ulisema kweli. Ukizidisha ile nusu mara mbili utaona hesabu yako inafunga. Nimejaribu mimi mwenyewe kwa vijiti mchangani, mwenye darasa la pili, na ikafunga.

Nilikuwa nimetaka kukuandikia mambo mengi ya busara, kama wanavyofanya wazee wengine. Sina. Nina hili tu: nilipoogopa uso wa mtu mmoja kwa jioni moja, nilichukua mwaka na nusu wa maisha yake. Kwa Bi Saumu nilichukua miaka yote iliyobaki. Huko uendako utamwaga kitu. Utamwaga tu, kila mwenye mikono humwaga. Siku hiyo kaa chini pale pale, usisimame kwenda kutafuta kikombe.

Na lile neno jingine. Babu yako alilisubiri miaka arobaini na moja, akafa hajalisikia kinywani mwangu, Mungu amrehemu, kwa hiyo usidhani linanitoka kwa wepesi. Nisamehe, Mwanamisi. Nimeliandika kwa kalamu ya wino ili nisilifute.

Ukikasirika, kasirika hapa hapa. Usiningojee kwenye simu ukiwa kule, ukanipa sauti ya adabu kama ile ya mapokezi ya hoteli. Piga kelele uani, majirani wasikie, waulize kuna nini, na mimi nitawaambia mwenyewe. Mama Chizi atanicheka mpaka Ramadhani. Nimestahili.

Nasikia bodaboda inapanda kutoka barabarani, bila shaka ni wewe na soksi zako. Barua naiweka juu ya begi, juu ya lile koti kubwa. Ukimaliza kuisoma, njoo nyuma ya jiko. Nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Mchunga wako wa mwisho uko mekoni, nimeuchemsha kwa moto mdogo, na maji ya kwanza bado yamo sufuriani. Sijayamwaga. Ninakungoja wewe uniambie.

Bibi yako na somo yako,
Mwanamisi